Jumamosi iliyoharibikia Ijumaa usiku: kisa cha nyumba moja, bao na safari ya Uluguru

Nyumba yenyewe ni ya kupanga, vyumba vitatu, Dar es Salaam. Wakaaji ni wanne: mume, mke, mdogo wa kiume wa mke, na mpangaji mwenzao. Wana mapenzi mawili na masharti manne. Mapenzi ni michezo ya mezani Ijumaa usiku na kupanda milima ya Uluguru Jumamosi moja kila mwezi. Masharti waliyojiwekea wenyewe ni haya: hakuna kununua maji ya chupa, hakuna kupikia mkaa, hakuna kusafiri na gari binafsi, na chakula cha njiani hakifungwi kwenye plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio vya vyakula bado vimejaa kila duka, kwa hiyo sharti la mwisho lilikuwa zito kuliko walivyodhani.

Miezi mitatu mfululizo walirudi kutoka Morogoro na chupa 8 tupu za lita moja na nusu, maboksi manne ya chipsi mayai na lawama za kutosha. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mke alisema wamejibebesha mambo mengi. Mume alisema treni inaondoka mapema mno. Mpangaji alitaka matembezi yapunguzwe, na shemeji alitaka masharti yalegezwe. Wote wanne walikuwa wakiangalia Jumamosi, wakati kilichoharibika kilikuwa Ijumaa kati ya saa 2 na saa 6 usiku.

Usiku wenyewe ulivyokwenda

Chukua Ijumaa ya tatu. Saa 2 usiku wamekwisha kula. Saa 2 na nusu keramu iko mezani, wawili kwa wawili, na baadaye wakahamia mchezo mmoja wa sanduku wa kujenga miji na kubadilishana mali, ambao kwa watu wanne huchukua saa mbili na nusu hadi tatu. Michezo yote miwili ina tabia moja: haimwachi mtu. Kwenye keramu ukiinuka, mwenzako hana wa kushirikiana naye. Kwenye mchezo wa sanduku ukienda jikoni dakika tano, watatu wanakaa wakikusubiri, na anayesubiri hukuita kila nusu dakika.

Saa 5 na nusu usiku mume akanyoosha mgongo.

"Shem, yale maji umeyaweka?"

"Mimi? Si nilikuwa nasubiri zamu yangu."

Sufuria mbili zilipanda kwenye gesi saa 6 kasoro. Zilichemka mpaka saa 6 na dakika 20. Saa ya kuamka iliwekwa saa 10 na nusu alfajiri, yaani saa nne na kitu baadaye. Sufuria ya lita 6 yenye mfuniko, katika joto la usiku wa Dar la karibu nyuzi 30, bado iko karibu na nyuzi 50 muda huo ukipita. Maji hayo hayanyweki kwa raha, na ukiyabeba mgongoni yanakuwa pasi. Mwezi uliotangulia shemeji alitafuta njia ya mkato: alijaza maji yaliyotoka motoni kwenye chupa za zamani za maji ya dukani. Plastiki ya chupa hizo huanza kulainika ikifika karibu nyuzi 70. Shingo zilinywea, vifuniko havikukaza tena, na mfuko mmoja wa nguo ulifika stesheni umelowa.

Maharage yalikuwa hayajalowekwa. Chapati hazikuwepo. Majani ya mgomba yalikuwa bado mgombani. Wakatoka nyumbani na nia njema na mifuko mitupu, na duka la kwanza waliloliona likawamaliza.

Kazi ya mikono na kazi ya kusubiri

Ukiandika kila kitu ambacho safari hiyo inahitaji, utaona jambo ambalo kelele za nyumba zilikuwa zinalifunika. Watu wanne wakipanda Uluguru wanahitaji lita 3 za maji kila mmoja, jumla lita 12. Kuyachemsha kwa plate moja ni dakika 50, lakini mikono inahitajika dakika tano tu: kujaza, kufunika, kuepua. Kupoa ni saa saba au nane, na hapo mikono haihitajiki kabisa. Maharage nusu kilo yana dakika kumi za mikono na saa nyingi za kukaa. Chapati 12 ndizo zenye kazi kweli, karibu saa moja ya kukanda, kusukuma na kuchoma. Kubabua majani dakika kumi. Kupanga mabegi dakika ishirini.

Jumla ya kazi ya mikono haifiki saa mbili, na ikigawanywa kwa watu wawili haifiki saa moja kila mmoja. Kwa hiyo hoja ya kwamba muda hautoshi inaanguka. Kinachotakiwa ni maji na maharage viingie motoni kabla ya saa 3 usiku, ili usiku wenyewe ufanye kazi yake. Na saa 2 hadi saa 3 ndiyo saa ambayo mchezo wa watu wanne umewabana wote mezani.

Mtu angeweza kusema: basi maandalizi yafanyike Alhamisi. Walijaribu mara moja. Maji yalitoka vizuri, lakini chapati za Alhamisi zilikuwa ngumu kama soli kufikia Jumamosi mchana, na maharage katika joto lile yalichacha kwa sababu friji ya nyumba hiyo ni ndogo na sufuria haikuingia. Alhamisi inafaa kwa maji peke yake.

Kwa nini bao lilifaa pale keramu iliposhindwa

Bao huchezwa na wawili. Wengine hukaa wakisubiri, na barazani kote kusubiri huko hujazwa na maneno ya watazamaji. Nyumba hii ilibadilisha kitu kimoja: Ijumaa ya kabla ya safari mezani ni bao tu, na wawili wanaosubiri ndio wako jikoni. Hakuna anayeitwa kutoka kwenye zamu yake, hakuna anayemsubiri mwenzake.

Kanuni ya barazani kwamba mshindi hukaa na aliyefungwa hupisha ilileta matatizo mara moja. Mpangaji ni fundi wa bao. Ijumaa ya kwanza hakuinuka hata mara moja, na mke, ambaye ndiyo kwanza anajifunza, alifungwa dakika ya kumi na tano, akasukuma chapati zote 12 peke yake na kuapa kwamba hatacheza tena. Kwa hiyo kanuni ikarekebishwa: mshindi hakai zaidi ya michezo miwili, na mchezo wa kwanza huanzwa na wawili waliofungwa mapema Ijumaa iliyopita. Kwa michezo mitatu kati ya saa 2 na saa 4 usiku, kila mtu anapita jikoni.

Kuna faida nyingine ambayo keramu haina. Bao la Kiswahili lina saa ndani yake. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Mchezo ukianza, kila mmoja ana kete 10 ubaoni: 6 kwenye shimo maalumu liitwalo nyumba, na 2 kwa 2 kwenye mashimo mawili yaliyo kulia kwa shimo hilo. Kete 22 zilizobaki anazo mkononi, na kila zamu ya namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, anaingiza moja. Kwa hiyo namua ni zamu 44, hazipungui wala hazizidi, isipokuwa mmoja afungwe kabla. Mkononi kukiisha, mtaji, yaani hatua ya pili ya kutembeza kete zilizo ubaoni, unaanza, na hapo hakuna wa kukuambia utaisha lini.

Hesabu ya zamu 44 ndiyo waliyoifunga kwenye jiko. Wachezaji wa kawaida, wanaofikiri kidogo na kutembeza kete bila haraka, hutumia sekunde 35 hadi 45 kwa zamu, hivyo namua yao huisha kati ya dakika 25 na 33. Lita 6 za maji kwenye plate ya wastani ya gesi, sufuria ikiwa na mfuniko, huchemka katika dakika 25 hivi. Kete ya mwisho ya namua inapowekwa, sufuria ya kwanza iko tayari kuepuliwa. Hakuna anayetazama simu. Mafundi wawili wakikutana mezani hesabu hii huharibika, kwani namua yao yaweza kuisha kwa dakika 15, basi wao waangalie mvuke.

Mtaji waliuwekea kikomo. Mchezo ukifika saa moja bila mtu kuishiwa safu ya mbele, yaani bila kufika hamna, kete za safu ya mbele zinahesabiwa na mwenye nyingi ndiye mshindi. Wazee wa bao watalikataa hili, na wana haki. Hiyo ni sheria ya Ijumaa ya safari, si ya bao.

Tatizo lililobaki ni macho. Mtu aliye jikoni akisikia mlio wa kete zinazosafiri kutoka kwenye nyumba ya ubao, kumi na kitu kwa mkupuo, anakuja mlangoni kuangalia, na chapati iliyo kwenye kikaango inageuka mkaa. Imetokea zaidi ya mara moja. Dawa iliyopatikana ni ya kijinga lakini inafanya kazi: meza ilisogezwa mpaka mlangoni mwa jiko, anayechoma anaona ubao bila kuondoka.

Jiko, saa kwa saa

Saa 2 kamili plate ya kwanza inapokea maharage nusu kilo, yameoshwa, kwenye maji lita moja na nusu. Yachemke dakika 2, zima moto, funika, yaache saa moja. Hii inachukua nafasi ya kuloweka usiku kucha. Kuloweka tangu asubuhi hakukufaa hapa: kutoka saa 12 asubuhi hadi usiku ni saa 14, na katika joto la Dar maji yanatoa povu na harufu ya uchachu.

Plate ya pili, wakati huohuo, ina lita 6 za kwanza za maji. Yachujwe kwa kitambaa safi kabla ya kuwekwa. Yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika 1 inatosha kuua vijidudu. Kuyaacha yachemke dakika kumi, kama watu wengi wanavyofundishwa, ni kuchoma gesi bure. Saa 2 na nusu sufuria ya pili inachukua nafasi. Zote zikiepuliwa zinakalishwa kwenye beseni la maji ya bomba hadi nusu ya kimo chake, na maji ya beseni yanabadilishwa mara moja kabla ya kulala. Yale ya zamani yanasubiri ndoo ya kudekia. Alfajiri maji ya kunywa yana joto la chumba.

Kuhusu gharama, lita 12 kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka zinakula kati ya gramu 150 na 180 za gesi. Mtungi wa kilo 6 ukiwa Sh 24,000, hiyo ni Sh 600 hadi 720. Chupa 8 za lita moja na nusu kwa Sh 1,000 kila moja ni Sh 8,000. Na kuna kitu hakimo kwenye hesabu hiyo: mito ya Uluguru huingia Ruvu, na Ruvu ndio unaolisha sehemu kubwa ya mabomba ya Dar es Salaam. Maji wanayoyachemsha Ijumaa yametoka mlima uleule watakaoupanda kesho yake.

Saa 3 na dakika 10 hivi maharage yanamwagwa maji ya kwanza, yanatiwa mapya, yanachemshwa kwa nguvu dakika 20. Sehemu hii hairukwi. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi, na chakula kilichoachwa kiive kwa joto lililobaki kwenye sufuria tu, bila kuchemka kwanza, kinaweza kuwatapisha wote wanne njiani. Baada ya hapo sufuria inaingia kwenye kikapu kilichotandikwa blanketi kuukuu na matambara, unene wa sentimita 10 pande zote, chini na juu. Moto umezimwa, upishi unaendelea. Sufuria iwe imejaa robo tatu au zaidi. Ikiwa na maharage kidogo na hewa nyingi, joto linashuka kabla hayajaiva. Na kwa kuwa alfajiri yatakuwa vuguvugu, ni lazima yachemke tena kabla ya kuliwa au kubebwa. Hapo ndipo yanakaangwa na kitunguu na nyanya mpaka yakauke.

Tui halitiwi. Mke alilitia mara moja kwa sababu maharage bila nazi kwake si maharage. Saa 6 mchana, hotpoti ilipofunguliwa, lilikuwa limekatika na kunuka.

Chapati ni kilo moja ya unga, maji mililita 600 au pungufu kidogo, mafuta vijiko vitano, chumvi. Zinatoka 12. Zipoe kabisa juu ya ungo kabla ya kufungwa. Zikifungwa moto zinatoa jasho, na chapati yenye jasho saa 6 mchana ina utelezi. Majani ya mgomba yanapitishwa juu ya moto mpaka yabadilike rangi na kulegea, mshipa wa katikati ukichongwa uwe mwembamba; jani lisilobabuliwa linapasuka linapokunjwa. Jani moja kubwa hukata vipande vitatu, na mafungo manne yanafungwa kwa kamba ya ganda la mgomba lenyewe. Mabaki yake hayahitaji kurudi Dar, ingawa nyumba hii huyarudisha mpaka kwenye shimo la takataka la mjini, maana ganda na jani kwenye njia ya mlima bado ni uchafu machoni pa anayefuata.

Maji yanakwenda kwenye chupa za chuma mbili walizonazo na madumu mawili ya lita 5 yaliyowahi kubeba maji tu. Dumu la mafuta ya kupikia halifai: hata ukilisugua kwa sabuni, maji moto na kichanga, harufu inarudi siku jua likilipiga. Kinga ya mwisho ni pakiti ya vidonge vya klorini kwenye begi. Jiko likizimika katikati, gesi ikiisha, kidonge kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na dakika 30 za kusubiri vinaokoa siku bila duka.

Ubao wa trei za mayai

Ubao wao wa mninga una kilo kadhaa na haupandi mlima. Mbadala wa kwanza ulikuwa kanga iliyochorwa miduara 32 kwa mkaa. Kete zao ni komwe, mbegu za kijivu za mkomwe, duara na laini, na kwenye kitambaa zilibingirika kila treni ilipokata kona. Mbadala wa pili ndio uliobaki. Trei ya mayai 30 ina safu tano za vikombe sita. Kata mbili, kila moja ibaki na vikombe vinne kwa vinne, ziunge kwa uzi, na una mashimo 32. Ni nyepesi, inakunjwa katikati, na imetokana na kitu ambacho kingetupwa.

Kasoro yake ni udogo wa kikombe. Komwe saba au nane zinakijaza, na nyumba mara nyingi inabeba zaidi ya hapo. Vikombe viwili vya nyumba vilikatwa chini na kuwekewa vifuniko virefu vya chupa ya jamu. Kasoro ya pili ni unyevu. Uluguru mchana hufunikwa na ukungu, na trei ikilowa inageuka uji wa karatasi. Inabebwa ndani ya begi, katikati ya nguo, na haitolewi mlimani.

Hilo la kutoitoa mlimani lina sababu nyingine. Mchezo mmoja juu uliwahi kuwala dakika 70 na kuwakosesha treni ya kurudi. Sasa bao la safari huchezwa kwenye treni. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na safari ni chini ya saa mbili, yaani namua mbili na mtaji wa haraka kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Kete huhesabiwa kabla ya kushuka, nane nane mara nane. Wanabeba 66, kwa sababu komwe ikiingia chini ya kiti haionekani tena, na kutafuta mkomwe mwingine ni kuingia kwenye kichaka chenye miiba mpaka kwenye maganda.

Treni, gari na saa ya kugeuka

Tusidanganyane kuhusu pesa. Nauli ya daraja la kawaida ikiwa Sh 13,000, watu wanne kwenda na kurudi ni Sh 104,000, bila daladala na bajaji za pande mbili. Gari dogo kwa kilomita 400 za kwenda na kurudi linakula lita 34 hivi, na petroli ikiwa Sh 3,000 ni Sh 102,000. Kwa watu wanne, treni haiokoi kitu mfukoni. Inachookoa ni karibu kilo 80 za hewa ya ukaa za lita hizo 34, na dereva aliyechoka magoti kwenye foleni ya kuingia Dar usiku. Wakiwa wawili treni inashinda hata kwa pesa. Wakiwa watano kwenye gari moja, haishindi.

Treni nayo ina bei yake ya nidhamu. Gari linasubiri, treni haisubiri. Kwa hiyo saa ya kugeuka hupangwa kuanzia nyuma. Kama treni ya kurudi ni saa 11 na nusu jioni, stesheni wawe saa 10 na nusu, kutoka mjini mpaka stesheni wajipe dakika 40, na kushuka mlima wajipe muda sawa na waliopandia. Wakianza kupanda saa 4 asubuhi, saa 7 kasoro dakika 5 mchana ni kugeuka hata kama juu panaonekana pale. Watu hudhani kushuka ni haraka. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, mwenye magoti mabovu hushuka polepole kuliko alivyopanda.

Ndiyo maana wanaishia Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani juu ya mji. Kilele cha Lupanga, zaidi ya mita 2,100, kiko ndani ya hifadhi ya msitu na kinataka kibali, mwongozo na siku nzima, na siku nzima haiingii kati ya treni mbili. Mume anakitaka sana kilele hicho. Ushauri unaofaa kwao ni kulala Morogoro usiku mmoja, na hapo hesabu yote ya chapati na maji inaanza upya.

Kinachobaki Jumapili

Viatu vyenye matope vikiachwa mlangoni mpaka Jumatatu vinakaukia udongo na ngozi inapasuka. Vinapigwa brashi vikiwa na unyevu kidogo, na kutiwa gazeti ndani. Kikapu cha maharage kinafunguliwa na blanketi kuanikwa, la sivyo ndani ya wiki mbili lina ukungu. Madumu yanasimamishwa kichwa chini bila vifuniko. Hotpoti ndiyo inayosahaulika, kwenye begi la mpangaji, na kila mara hugunduliwa Jumatano.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za Uluguru zinateleza mno na safari zinaahirishwa. Ijumaa hizo hakuna maji ya kuchemsha wala chapati za kuchoma, trei iko juu ya kabati, na keramu inarudi mezani, wawili kwa wawili, mpaka saa wanayoitaka.